Gurudumu la Mbele, Upande wa Kushoto

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Kampemba kwenye kilio cha Fundi Sefu. Alikuwa amepita miaka tisini, na sisi wanawake tuliokaa ndani kwenye mikeka tulikuwa tunalia kwa kiasi tu, kama watu wanavyomlilia mzee aliyeishi siku zake zote. Wanaume walikuwa nje, chini ya turubai. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, nilimsikia kupitia dirishani mtoto wa mdogo wake Fundi, yule aliyetangulia kufa, akisema kwa sauti: "Baba yetu ameishi na bantu miaka mingi. Kama kuko muntu alikosewa naye, tunaomba amusamehe." Nje wakaitika kwa pamoja, "Tumemusamehe," na wanawake ndani wakaitika pia. Mimi peke yangu sikuitika. Zaina, mama wa huyo aliyesema, alikuwa ameketi ubavuni mwangu, akanigeukia akaniuliza, "Mama Ngalula, mbona weye haukusema?" Nikamjibu kwamba koo limenikauka. Nyuma yetu wanawake wawili, wadogo kuliko watoto wangu, walikuwa wananong'ona. "Ile kosa ya zamani, ya magurudumu, Mungu amusamehe," alisema mmoja. "Alimuua mudogo yake kwa kazi ya mikono yake." Mwenzake akaongeza, "Na gereza alikaa." Nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kosa lile halikuwa la Fundi Sefu. Lilikuwa langu, na katika nyumba ile iliyojaa watu, tuliolijua tulikuwa mimi na maiti tu.

Mwaka wa kosa hilo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa siku za Zaire, baada ya kila mtu kuvua jina lake la Kizungu, wakati maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yamegawiwa wananchi waliojuana na wakubwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, msichana pekee katika darasa la uchoraji, na hakuna ofisi mjini iliyotaka kumweka msichana mbele ya meza ya kuchorea. Fundi Sefu ndiye aliyenichukua. Alikuwa fundi bati mwenye asili ya Maniema, mtu mrefu, mtaratibu, aliyeswali swala zake tano na ambaye mlio wa nyundo yake ungeutambua kati ya nyundo kumi. Karakana yake ilikuwa uani mwa nyumba yake. Alinipa chumba kilichokuwa cha kuwekea mchele na makaa, akaweka meza karibu na dirisha, na akanunua karatasi na rula mpya. Chumba kile kilinuka vitunguu na mafuta ya taa. Mpaka leo, nikiingia mahali penye harufu ya vitunguu vilivyokaa sana guniani, vidole vyangu vinatafuta penseli.

Kazi iliyotukuta mwaka ule aliileta Citoyen Kabwe; Citoyen, yaani Mwananchi, ndivyo kila mwanaume alivyoitwa siku zile. Huyu alikuwa amepewa duka na ghala la mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyeondoka, na nyuma ya ghala, chini ya magunia, alikuta motokari ya zamani sana, ya zile za mwanzo kabisa, yenye taa kama za treni na kiti cha ngozi kilichokaliwa na panya. Fundi wa mashine alikwisha kuifufua injini. Tatizo lilikuwa magurudumu. Yalikuwa ya mbao, yenye spoki nene kama za mkokoteni wa zamani, na mchwa walikuwa wamekula yote manne. Zilibaki rimu za chuma na kitovu cha katikati. Sherehe kubwa ya Chama tawala ilikuwa inakaribia, na Citoyen Kabwe alitaka kuwabeba wageni wa heshima kwa gari lile katikati ya mji, watu waone. Tairi nyembamba za kulitosha alikuwa amezipata mji wa jirani wa Kipushi. Hatukumuuliza kwa nani. "Fundi," alisema, "mbao sitaki tena. Unifanyie ya chuma, yenye kuzibwa kote, kama sahani."

Nilikuwa chumbani kwangu na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nilisikia yaliyofuata. Fundi Sefu alisema kuchora atachora msichana. Citoyen Kabwe akacheka. "Huyu mutoto mwanamuke? Ataweza?" Nikamsikia Fundi Sefu akisema, "Citoyen, mimi nimetumikia bazungu babili bachoraji. Huyu anabapita bote." Nilikaa pale na penseli mkononi, mashavu yakiwaka moto. Katika maisha yangu nimesifiwa mara chache, nyingine kwa maneno makubwa kuliko yale, lakini hakuna sifa iliyoniingia kama ile iliyopita ukutani, na hakuna iliyoniharibu kama hiyo.

Wiki ya kwanza nilikata maboksi. Nilikata duara la karatasi ngumu, nikalishika kwa katikati na kulisukuma kwa ukingo, nalo likapinda kama jani. Sahani bapa haiwezi kubeba gari linapokata kona; uzito unaisukuma kwa ubavu na hapo inakosa nguvu. Jibu nililipata mezani kwa Mama Sifa, mke wa Fundi. Mchana tulikula wote pamoja: mimi, Fundi, Mama Sifa, Asumani ambaye alikuwa mdogo wake Fundi na dereva wa karakana, na Zaina mke wa Asumani, aliyekuwa ameolewa mwaka uliotangulia na sasa ana mimba. Siku hiyo kulikuwa na bukari, ndio ugali wetu, na kalembula, majani ya viazi vitamu. Nilipomaliza kula nilianza kuibonyeza sahani ya bati kwa vidole gumba, nikaona haipindi, kwa sababu ina tumbo. Asumani alikuwa ananitazama. "Mama Sifa," akasema, "huyu hakushiba. Sasa anataka kukula sahani." Wote wakacheka, na mimi nikakimbilia chumbani na sahani yenyewe bila kuiosha. Jioni ile nilikuwa nimechora gurudumu langu: sahani mbili za chuma zenye matumbo, moja ikitazama nje na moja ndani, zimekutana kwenye rimu na kufungwa kwa ribiti, na katikati zimebanwa kwenye kitovu kwa boliti sita. Tangu siku hiyo Asumani hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Madame l'ingénieur, yaani Bibi Mhandisi.

Kalibu aliichonga Fundi Sefu mwenyewe kwa gogo la mulombwa, mti mgumu wa kwetu, na bati tulilikata kwenye tangi kuukuu. Nilikuwa nimeandika milimita tatu. Tangi lilikuwa na mbili na kidogo. Nilikaa siku nzima nikipiga hesabu upya, nikaongeza bamba la pili la kuimarisha katikati, Fundi akakubali. Kisha zikaanza siku za nyundo. Alilaza bati juu ya kalibu akaligonga kwa nyundo ya mti, kuzunguka, kuzunguka, taratibu, mpaka bati likaanza kushuka na kushika umbo. Nilisimama pale nikiona mstari wa penseli yangu ukigeuka chuma, na sijui namna ya kuieleza furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kuchora kitu kikafanyika. Matundu ya boliti tuliyatoboa kwa tindo na nyundo, si kwa mashine, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika wiki ile na siku zilikuwa zinakwisha. Na mahali pa matundu nilipachagua mimi. Niliyaweka karibu sana na lile kunjo ambapo tumbo la sahani linaanza, mahali chuma kilipokuwa kimechoshwa zaidi na nyundo. Niliyaweka pale kwa sababu kwenye karatasi yalipendeza. Baadaye nilifundisha uchoraji miaka thelathini katika shule ya ufundi, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wasiweke tundu karibu na kunjo. Hawakuniuliza hata mara moja nimelijulia wapi jambo hilo.

Tuliyapaka rangi ya kijani, katikati duara la njano, na gari likasimama juu ya miguu yake mipya. Kwenye pembe ya mchoro mkubwa uliobandikwa ukutani, Fundi aliniambia niandike jina langu kwa wino. "Muchoraji anaandika jina yake," alisema. "Njo vile balinifundisha." Niliandika Ngalula, herufi za kusimama, na nikalipitia jina mara mbili ili wino ukolee.

Jumatatu Asumani alilijaribu gari kwenye barabara ya Kasapa, akaenda mpaka karibu na chuo kikuu na kurudi. Watoto walimkimbilia njia nzima. Jumatano alilipeleka tena, na aliporudi alishuka, akazunguka mbele, akainama. Mimi nilikuwa mlangoni. "Madame l'ingénieur," aliniita, "hii gurudumu yako ya kushoto inalia. Nikikata kona inafanya tik, tik." Nikamwambia ni kifuniko cha kitovu kimelegea, nitakitazama. Saa tisa za mchana, wakati Fundi yuko kwenye swala na Asumani amekwenda kuoga, nilichukua ndoo na kitambaa nikaliosha gurudumu lile. Nikafuta vumbi. Karibu na tundu moja la boliti kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye tundu ukaelekea kwenye kunjo. Nikaufuta. Ukaondoka. Nikabonyeza sahani kwa kiganja, na vumbi jepesi likatoka tena kwenye mstari uleule. Nilipitisha kucha juu yake. Kucha ilikwama kidogo.

Nilijiambia ni rangi. Nilijiambia unywele wa brashi umegandia kwenye rangi. Nilijua kwamba nikimwita Fundi Sefu, atalivua gurudumu mara moja, na pengine yote manne, na Ijumaa Citoyen Kabwe atakuja na wageni wake akute gari limekaa juu ya matofali. Nilijua kwamba ile sentensi iliyopita ukutani, kwamba nimewapita Wazungu wawili, itakuwa imesemwa bure. Nilichukua kopo la rangi ya njano na brashi ndogo, nikaupaka mstari ule. Asumani aliporudi, nywele zake zina maji, aliniuliza, "Umeona?" Nikasema, "Kilikuwa kifuniko. Nimekikaza." Akasema, "Bien," akaenda kula.

Asubuhi ya Ijumaa alilitoa gari uani akiwa amevaa abakosti mpya, ile suti isiyo na tai ya siku za Zaire. Mama Sifa alipiga vigelegele. Zaina alisimama kizingitini, mkono mmoja juu ya tumbo, anacheka kwa aibu kwa sababu Asumani alikuwa anampigia honi yeye peke yake. Kisha Asumani akanigeukia, akafungua mlango wa upande wa pili. "Madame l'ingénieur, panda! Wageni tunaenda kubachukua kule mjini. Mpaka kule, mugeni ni weye." Nikamwambia pagne yangu, kitenge nilichovaa, itachafuka. Akasema atakwenda polepole kama anayebeba maiti. Nikasema hapana, nitakuja kwa miguu, tutaonana mjini. Alinitazama kidogo, akafunga mlango. Kwa miaka hamsini nimejaribu kushikilia kwamba sikujua, kwamba niliamini ni rangi. Lakini kama niliamini ni rangi, kwa nini sikupanda?

Nilikuwa nyuma yake kwa mwendo wa dakika chache tu. Niliposikia mayowe sikuwa bado nimeona kitu, na tayari nilikuwa nakimbia. Walioshuhudia walieleza kwamba mahali barabara inapoteremka na kukata kona, gurudumu la mbele la kushoto lilichanika katikati kama karatasi. Boliti sita na kipande cha chuma vilibaki kwenye kitovu, na sahani na tairi vikaendelea vyenyewe. Gari lililala ubavu. Nilipofika, watu walikuwa wanalinyanyua. Gurudumu lilikuwa limevuka barabara likaegemea ukuta wa duka, kijani safi, na tundu kubwa mahali pa njano. Asumani alikuwa chini ya gari. Uso wake haukuwa na jeraha lolote. Alikuwa amefungua macho na kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka.

Haya yote nilimwambia Zaina siku ileile ya kilio cha Fundi, baada ya wanaume kurudi kutoka makaburini. Tulikuwa tumebaki wawili kwenye chumba cha mikeka. Nilimwambia yote, tik tik, na rangi ya njano, na pagne. Nilipokwisha akaniuliza, "Ulikuwa na miaka ngapi?" Nikasema ishirini na mmoja. "Mimi nilikuwa na kumi na tisa," akasema. Basi. Aliondoa mkono wake uliokuwa juu ya goti langu, bila haraka, akauweka juu ya goti lake mwenyewe, na tukakaa hivyo mpaka mwanawe alipokuja kumchukua. Sijui kama ataniita tena nyumbani kwake. Sikumwomba msamaha, kwa sababu nilihofia angenipa kwa uchovu tu.

Lakini nirudi kwenye siku ile ya ajali. Kabla askari hawajafika karakana, Fundi Sefu alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwa maiti ya mdogo wake, mikono yake bado ina damu na mafuta. Alipita mbele yangu, akachukua mkasi wa bati, akaikata pembe ya mchoro pale penye jina langu, akaitupa kwenye jiko la makaa. Askari walipouliza nani amechora, alisema, "Mimi." Wakamwuliza huyu msichana ni nani. Akasema, "Ni mutoto anasaidia mama jikoni." Mama Sifa alisikia, mimi nilisikia, na hakuna aliyepinga. Nilisimama na kanga ya Mama Sifa mabegani mwangu, na walipomchukua alinigeukia akaniambia, "Usilie, mwanangu. Weye ulichora vizuri. Bati njo ilikuwa mbaya." Aliamini hivyo. Aliamini amemwokoa mtoto asiye na hatia.

Alifungwa miezi saba. Citoyen Kabwe alihakikisha kwamba jambo halikumgusa yeye. Karakana ilifungwa, na mimi nilipata kazi ya kunakili ramani katika ofisi moja mjini, nikawa nakwenda kumwona Fundi kila Jumapili na chakula. Tulikaa kwenye benchi chini ya ukuta, naye alikula polepole na kuniuliza habari za Zaina, na mtoto aliyezaliwa, na kama mvua imeingia nyumbani. Kila Jumapili aliniita mwanangu. Nilivumilia miezi mitatu. Jumapili moja nilikuwa nimemletea bukari na maharage, na alikuwa amekula karibu nusu, nikasema, "Baba, ufa niliuona."

Mkono wake ulisimama. "Ufa gani?"

"Wa gurudumu. Jumatano. Karibu na tundu. Nikaupaka rangi."

Alirudisha tonge bakulini. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Asumani alijua?"

"Alisikia inalia. Aliniuliza. Nikamwambia ni kifuniko, nimekikaza."

"Alikuuliza weye."

"Ndiyo, baba."

Alifunika bakuli. Alilifunga kwa kitambaa chake, mafundo mawili, vizuri, kama Mama Sifa alivyokuwa anafunga, akalisukuma upande wangu wa benchi likiwa bado na chakula. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanatafuta kitu mbali, na nikaona amekipata. "Njo maana haukupanda gari," alisema.

Nikalivuta bakuli karibu yangu.

"Sitageuza maneno yangu," akaendelea. "Nilishasema ni mimi. Nikigeuza batakuchukua, na Asumani harudi. Lakini hapa usikuye tena." Akasimama, akamwita mlinzi mwenyewe, akaingia ndani kabla muda wake haujaisha.

Sikwenda tena. Chakula alikipeleka Mama Sifa, na tulipokutana sokoni alinibusu mashavu kama zamani, akaniuliza kwa nini nimewasahau. Fundi hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote, si Mama Sifa, si Zaina, si watoto wake, mpaka alipofukiwa. Alitoka gerezani mwisho wa kiangazi. Nilingoja wiki mbili, kisha nikaenda. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kile chumba changu cha dirisha kilikuwa kimerudishiwa magunia ya mchele. Fundi Sefu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anaziba karai la mwanamke fulani lililotoboka, amekonda, ndevu zake zimekuwa nyeupe. Alininyanyulia macho. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na nilipoona macho yale nikajua hakuna hata moja litakalofaa.

"Karibu, mama," alisema. "Unaleta kazi gani?"

Alingoja, nyundo mkononi, kwa adabu ileile aliyokuwa nayo kwa kila mteja. Nikasema sina kazi, nilikuwa napita tu. "Bon," akasema, "uende salama," na akainama tena kwenye karai. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikutana mara nyingi baada ya hapo, mjini, kwenye arusi na vilio, kwa miaka karibu hamsini, na kila mara alinisalimu wa kwanza, na kila mara aliniita mama, kwa heshima kamili, kama mwanaume anavyomwita mwanamke asiyemjua.